Nani Ameshika Kamba ya Punda?

 

Fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya tisa, msome taratibu. Daudi amekaa kwenye kiti chake, vita vimepoa, na moyo unamkumbusha rafiki yake Yonathani aliyeuawa vitani. Anauliza kama amesalia mtu yeyote wa nyumba ya Sauli apate kumtendea wema. Analetwa Siba, mtumishi wa siku nyingi wa nyumba ile. Siba amekula chumvi ya Sauli, anamjua kila mtoto aliyezaliwa pale. Anaulizwa na mfalme, naye anajibu kwamba yupo mwana mmoja wa Yonathani, ana kilema cha miguu yote miwili. Basi. Jina halitaji! Mjukuu wa mfalme, mwana wa shujaa, na habari pekee ambayo mtumishi wake anaiona inafaa kufika Ikulu ni hali ya miguu yake.

Niambieni, hamjamsikia Siba akisema hapa kijijini kwetu Simbo? Mimi namsikia kila wiki. Namsikia penye mashine ya kukamulia mawese, namsikia kwenye foleni ya maji. "Mwite yule kiguru." "Mpelekee yule kipofu." "Yule zeruzeru wa bondeni kaja?" Mtu amezaliwa hapa, mama yake alimpa jina, jina likaandikwa kwenye daftari la ubatizo, halafu sisi tunaona uvivu kulitamka. Mungu aliyehesabu nywele za vichwa vyetu analijua. Tuliolisahau ni sisi.

Mefiboshethi ndilo jina lake. Na hakuzaliwa hivyo. Rudini sura ya nne: alikuwa na miaka mitano zilipofika habari kwamba baba na babu yake wameuawa. Yaya akambeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Vita vya wakubwa vilimvunja miguu mtoto asiyejua hata vinapiganwa kwa ajili gani. Akakulia kwa watu, huko Lo-debari, nyumbani mwa Makiri, hata alipoitwa mbele ya Daudi alijilinganisha na mzoga wa mbwa. Nani alimfundisha kujiona hivyo? Miaka yote ya kutajwa kwa miguu yake ndiyo iliyomfundisha.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya mtu huyu huishia mezani. Daudi akamrudishia mashamba ya babu yake, akamwagiza Siba na wanawe kumi na watano na watumishi wake ishirini wamlimie, akamkalisha kwenye meza ya mfalme siku zote. Hapo mhubiri anafunga Biblia, kwaya inasimama, kapu la wasiojiweza linapitishwa, na sisi tunarudi nyumbani kula ugali wa muhogo na migebuka tukiwa tumeridhika na nafsi zetu. Lakini Maandiko hayakuishia mezani, ndugu yangu! Twende sura ya kumi na sita, kisha ya kumi na tisa. Huko ndiko Roho anakotushika shati.

Absalomu amempindua baba yake. Daudi anakimbia Yerusalemu, anaupanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu, analia. Mefiboshethi anataka kumfuata mfalme aliyemtendea wema, naye hawezi kwenda kwa miguu, anahitaji punda atandikwe. Wa kumtandikia ni nani? Siba. Na Siba anatandika kweli, tena punda wawili. Anawapakia mikate mia mbili, zabibu, matunda na kiriba cha divai, kisha anaondoka nao mwenyewe! Anamkuta mfalme akishapita kilele kidogo, anamwambia bwana wangu kabaki mjini, anangoja kurudishiwa ufalme wa babu yake. Na Daudi, yule mtunga zaburi, anaamini. Hapo hapo, njiani, bila kumsikiliza mtuhumiwa, anamkabidhi Siba mali yote.

Mtu alikuwa na meza. Alikuwa na shamba, na watu thelathini na sita wa kumlimia. Siku moja tu mambo yalipogeuka, vyote vikamponyoka, kwa kuwa kamba ya punda ilikuwa mkononi mwa mwingine na mbele ya mfalme hakuwepo wa kumsemea. Alipopata nafasi ya kujieleza baadaye, ndevu hazijatunzwa na nguo hazijafuliwa tangu siku ile mfalme alipoondoka, Daudi alimkatisha: gawaneni. Nusu kwa mwongo, nusu kwa aliyesingiziwa! Mimi na Daudi tutaulizana mbinguni kuhusu hukumu hiyo.

Kwa hiyo nawauliza, enyi mnaompenda Mungu: hapa kwetu, nani ameshika kamba ya punda?

Yupo mzee mmoja katika usharika wetu, anatembelea ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Kiangazi utamwona barabarani, mnyororo unalia, kitambaa cha kufutia jasho kafunga kwenye usukani, mjukuu anasukuma kwa nyuma wakifika kwenye kilima. Masika yakianza udongo mwekundu unajaa kwenye magurudumu na mzee anakwama nyumbani. Siku akifika kanisani anakuta ngazi tatu za saruji. Basi anaegesha nje, chini ya dirisha la upande wa kushoto, anasikiliza ibada kutoka hapo. Nimechunguza jambo moja nikaona haya: kapu la sadaka linamfikia. Kila Jumapili yupo anayekumbuka kulitoa nje, mzee akatia mia mbili yake. Lakini tulipochagua wazee wa kanisa, karatasi ya kura haikutoka nje ya mlango. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Tulisahau tu. Mkono unaokumbuka kapu na kusahau kura, huo ni mkono wa Siba, hata kama umevaa shati jeupe la kwaya.

Sasa twende mbali kidogo, tumwone mtu aliyeitafuta kamba hiyo. Wachina tunawafahamu. Wamejenga reli ya TAZARA, na pikipiki zao ndizo zinazopandisha mawese yetu sokoni. Lakini mmoja wao nataka mmjue kwa jina, Deng Pufang. Alizaliwa mwaka 1944, mtoto wa kiume wa kwanza wa Deng Xiaoping, yule aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa China. Alikuwa kijana msomi, anasoma fizikia Chuo Kikuu cha Peking. Yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, baba yake akaangushwa madarakani, na mtoto akafuatwa kwa ajili ya jina la baba. Mwaka 1968, mikononi mwa vijana wa Walinzi Wekundu, alianguka kutoka dirisha la ghorofani. Wapo wasemao alisukumwa, wapo wasemao alijirusha akimbie mateso. Uti wa mgongo ukavunjika, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa mtu aliyelaaniwa, matibabu ya maana akanyimwa. Miguu haikurudi tena. Miaka iliyofuata alikuwa kwenye nyumba ya kulelea wasio na msaada, amelala kitandani, anasuka vikapu vya waya. Ndipo baba yake, naye akiwa uhamishoni mkoani Jiangxi, akaomba aletewe mtoto wake. Na mzee yule aliyewahi kuwa mkubwa wa dola akawa anamgeuza mwanawe kitandani na kumwogesha kwa mikono yake.

Mnamwona Mefiboshethi? Nyumba ya kifalme imeanguka, mtoto ameanguka nayo!

Lakini Deng Pufang hakuridhika na kukaa mezani pa baba. Baba aliporudi madarakani, mwana alikwenda kutibiwa Canada mwaka 1980, akaona huko jinsi mtu wa kiti cha magurudumu anavyoweza kuingia dukani, akapanda basi, akafika kazini. Akarudi na njaa. Mwaka 1984 akashiriki kuanzisha mfuko wa ustawi wa watu wenye ulemavu. Mwaka 1988 likaundwa Shirikisho la Watu wenye Ulemavu la China, akaliongoza kwa miaka 20. Mwaka 1990 nchi yake ikapitisha sheria ya kuwalinda watu hao. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukamtunuku tuzo yake ya haki za binadamu. Aliyempokea uongozi mwaka 2008 ni Zhang Haidi, mwanamke mwandishi aliyepooza tangu utotoni. Kijiti hakikutoka mikononi mwa wenyewe. Simtakasi. Kampuni ya Kanghua iliyohusishwa naye ilifungwa huko nyuma kwa kelele za biashara za upendeleo, na serikali aliyoitumikia imewatesa wengi waliodai haki zao. Hata Daudi tumemkuta na kosa hapo juu. Ninachotaka mkichukue ni hiki: alijua kikapu cha waya hakimfikishi mtu popote, akaitafuta kamba.

Mtaniambia, "Mwinjilisti, huyo baba yake alikuwa mkubwa." Kweli kabisa. Mtoto wa Simbo aliyepooza hana baba Ikulu. Ndiyo sababu nawahubiria ninyi badala ya kumhubiria mfalme. Mtoto huyo asiye na baba mkubwa ana kanisa, ana kijiji, ana kura zenu. Au hana?

Sasa turudi nyumbani, na hapa nahubiri kwa uchungu.

Mmesahau jinsi ilivyokuwa? Kuanzia mwaka 2006 na 2007 habari zikaanza kumiminika kutoka Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani, na mkoa wetu haukusalimika: watu wenye ualbino wanavamiwa usiku, wanakatwa viungo, wanauawa. Makaburi yakafukuliwa. Waganga matapeli wakawa wanawauzia wajinga ndoto ya utajiri, ya dhahabu, ya samaki wengi, ya ushindi wa uchaguzi. Watoto wakachukuliwa majumbani kwao wakapelekwa Kabanga, kule Kasulu, wakaishi ndani ya uzio wa shule, wengine pamoja na mama zao. Waliokaa ndani ya uzio hawakuwa na kosa. Wenye kosa walikuwa wanatembea sokoni wanasalimiana na watu. Hesabu ya namna gani hiyo, ya kumfungia kondoo ili mbwa mwitu apate kutembea?

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni alipokuwa akilizungumzia jambo hili. Machozi yale niliyaheshimu. Lakini nawaambia kilichonigusa kuliko machozi: siku zile ndani ya ukumbi ule alikuwemo mama mmoja ambaye mjadala ulikuwa juu ya mwili wake. Al-Shaymaa Kwegyir. Rais Jakaya Kikwete alimteua kuwa mbunge mwaka 2008, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia katika Bunge letu. Fikirini maana yake. Miaka yote Bunge lilikuwa likiwasema watu hawa kama Siba alivyomsema Mefiboshethi, hawapo, hawana jina, wana ngozi tu. Tangu siku ile, aliyetaka kuwasema ilimbidi amtazame mmoja wao usoni.

Kisha ukaja Oktoba 2010. Lindi Mjini kasimama mgombea wa CUF, Salum Khalfan Barwany, mtu mwenye ualbino. Hakungoja kuteuliwa. Alipanda jukwaani mchana, juani, katika nchi ambayo mtu wa ngozi yake alikuwa anaogopa kutoka nje jioni. Wapo walioamini kiungo cha mtu kama yeye kingempa mwingine ubunge. Yeye akaupata ubunge akiwa na viungo vyake vyote mwilini, kwa kura! Haleluya! Kama ni mahubiri dhidi ya ushirikina, watu wa Lindi walihubiri siku moja tu, kwa karatasi na kalamu, kuliko tulivyohubiri sisi kwa vipaza sauti mwaka mzima. Nao ni Waislamu wengi. Mungu ana wahubiri wake anaowajua mwenyewe.

Desemba 2015 Rais John Magufuli akamteua Dk. Abdallah Possi, mwanasheria na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kuwa mbunge na Naibu Waziri katika Ofisi ya Waziri Mkuu, ashughulikie masuala ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2017 akatumwa Ujerumani, nchi aliyosomea udaktari wake wa sheria, safari hii akiwa balozi. Mtu ambaye kijijini tungemwita kwa ngozi yake akawa anaiwakilisha ngozi yetu sote mbele ya mataifa. Baada yake nafasi ile ilishikwa na Stella Ikupa, kisha Ummy Nderiananga, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Wote wawili wanajua kwa miili yao wanachokisemea.

Nashukuru kwa kila uteuzi. Lakini lazima niwaambie kweli, basi sikieni: kati ya hao niliowataja, aliyepita kwenye jimbo akaomba kura mlango kwa mlango akapewa ni mmoja, Barwany, na mwaka 2015 hakurudi. Wengine waliingia kwa uteuzi au kwa viti maalumu. Uteuzi ni wema wa Daudi. Ni wema wa kweli, na asiyeushukuru ana roho mbaya. Ila punda bado ni wa mfalme, na mfalme akibadilika au akidanganywa njiani na mtu mwenye mikate mia mbili, punda huenda zake.

Tazameni jirani zetu wa Uganda. Katiba yao ya mwaka 1995 ilifungua njia, na tangu Bunge la mwaka 1996 watu wenye ulemavu wana viti vyao vitano, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 ikawapa viti kwenye mabaraza mpaka ngazi za chini, mwanamume na mwanamke. Miongoni mwa walioingia mwaka 1996 ni Alex Ndeezi, kiziwi. Kiziwi bungeni! Mkalimani wa lugha ya alama amesimama, mheshimiwa anatoa hoja kwa mikono, Bunge linasikiliza. Halafu hapa kwetu naambiwa na watu wazima wenye akili zao kwamba fulani hawezi kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji "kwa sababu hasikii vizuri". Wajumbe wangapi wana masikio mawili mazima na hawasikii kitu?

Na nikiteremka Ujiji, majirani zangu Waislamu wananikumbusha habari za Abdallah bin Ummi Maktum, sahaba kipofu. Wao wanafundisha kwamba aya za mwanzo za sura ya Kurani, Abasa, zilishuka kwa ajili yake, alipokuja kuuliza jambo la dini wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Makka, akakunjiwa uso. Hadithi haikuishia kwenye kukunjiwa uso, wala kwenye kuombwa radhi. Aliadhini Madina pamoja na Bilali, na Mtume alipotoka safari alimwacha yeye, mara kadhaa, asimamie mji. Kipofu aliachiwa mji! Wakristo wa Simbo, msikubali watu wa Ujiji watupite katika hili. Mashindano ya namna hiyo Mungu anayabariki.

Nchi hii haina upungufu wa maandishi mazuri. Tuliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 anatakiwa asilimia tatu yao wawe watu wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023, kisha ikarejeshwa. Na sheria ile ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijijini kwenda juu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Katika kila watu tisa, mmoja. Hesabuni benchi mlilokalia. Kama benchi lenu halina hata mmoja, muulizeni Mungu huyo mmoja yuko wapi, naye atawaambia, yuko ndani, mlimfungia mlango mlipokuja ibadani.

Maana hilo nalo lipo. Lipo hapa hapa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaachwa ndani ya nyumba ya matofali, mama ameenda shambani kwenye michikichi, baba anasema ni mkosi. Mkosi wa nani? Wanafunzi walimuuliza Bwana Yesu swali lilo hilo juu ya yule aliyezaliwa kipofu, nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Akawakatalia yote mawili. Mzee wa kanisa anayemwambia mama kwamba mtoto wake ni adhabu anabishana na Yesu, si na mimi.

Wala tusijifanye safi kwa kuwa tunavaa misalaba. Mwaka 2024, Muleba mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu aliporwa mikononi mwa mama yake, na mwili ukapatikana baada ya wiki mbili na zaidi. Walioshtakiwa ni tisa, na miongoni mwao walikuwamo baba mzazi na padri. Kusema nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Lakini kule kutajwa tu kwa nyumba ya Mungu katika shitaka la namna ile kungetosha kutufanya tufunge na kuvaa magunia kuanzia Kagera mpaka Kigoma. Je, tulifunga? Tulisema "dunia imeharibika" tukaendelea na mazoezi ya kwaya.

Tubuni! Na toba ninayoihubiri leo ina kazi za mikono.

Mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino, mkalishe darasani mbele, macho yake hayafiki mbali. Nenda kamwambie mwalimu wewe mwenyewe, usingoje aone. Mvike kofia pana na mikono mirefu, usimpeleke shamba saa sita. Ulizia zahanati yale mafuta ya kukinga jua, yapo ya Kilisun yanayotengenezwa hapa hapa nchini, Moshi. Saratani ya ngozi inawaua kimya kimya watu ambao mapanga yaliwakosa. Kisha mtume shule mpaka mwisho. Possi hakufika ubalozini kwa kuhurumiwa.

Ninyi vijana wenye ulemavu mnaosoma karatasi hii, na wewe unayesomewa na ndugu yako: acheni kungoja kutajwa. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na kwa utaratibu wa miaka mitano unaofuata ni mwaka 2029. Msianze kujiandaa mwaka 2029. Nendeni sasa kwa mtendaji wa kijiji, muulizeni kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji ina nani na inakutana lini. Muulizeni kwa adabu, na mkijibiwa "tutaangalia", rudini wiki ijayo, mrudi tena. Yule mjane aliyemwendea kadhi dhalimu alishinda kwa kurudi. Vyama vya siasa vina matawi hapa. Ingieni, lipeni ada, shikeni nafasi ya ukatibu hata kama ni ya kuandika majina tu. Mwenye daftari la majina anajulikana mapema na watu.

Mtadhihakiwa. Nasema wazi msije mkashangaa. Kuna atakayesema mnatafuta huruma ya kura. Mwambieni hata yeye anatafuta kura kwa ngoma, pilau na fulana.

Nanyi mlio wazima wa viungo, mkiona jina la mtu huyo kwenye karatasi ya kura, msilipigie kwa kumhurumia. Sikilizeni hoja zake kama mnavyozisikiliza za wengine, na akiwa hafai msimchague. Hiyo nayo ni heshima. Tunachokikataa ni kumnyima nafasi ya kusema ili tupate kujua anafaa au hafai.

Nimalizie na ngazi zetu tatu. Wazee wa kanisa wamesema fedha hakuna. Nimezipima kwa rula ya mtoto wa shule: kila moja sentimita kumi na tano, zote arobaini na tano. Mafundi wanasema mteremko wa kiti cha magurudumu unataka sentimita kumi na mbili za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Basi ni mita tano na sentimita arobaini, kutoka mlangoni kuja karibu na mwembe. Mchanga upo mtoni Luiche, mawe yapo, saruji nitatoa mfuko wa kwanza mimi. Kinamama wa maombi, leteni maji. Vijana wa kwaya, leteni majembe Jumamosi saa mbili asubuhi. Na katibu wa usharika, kura ya kujaza nafasi ya mzee wa kanisa iliyo wazi isipigwe mpaka mteremko ukauke, kwa sababu ninaye mtu wa kumpendekeza, naye atataka kuingia mwenyewe kujieleza.